Githeri Iliyoungua kwa Sababu ya Kitabu

Aliyenitoa shuleni ni baba mdogo. Nalisema wazi kwa sababu watu wa kwetu wakiulizwa husema tu kwamba mambo yalikuwa magumu, kana kwamba mambo yana mikono. Mambo hayakunishika mkono. Baba mdogo ndiye aliyenishika, nikiwa darasa la tano, akanipeleka mjini, mtaa wa Woodley, kulea mtoto wa watu, akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Wa pili kuninyima kusoma ni mama wa nyumba ile ya Woodley. Siku moja alinikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama, akaninyang'anya, akasema msichana akianza kusoma kesho ataanza kujibu. Wa tatu ni mzee wa Kitisuru niliyempangusia vitabu miaka kumi na miwili. Ukuta mzima ulikuwa vitabu. Aliniambia nisivifungue kwa sababu mikono yangu ina maji. Ilikuwa na maji kwa sababu nilikuwa nafua nguo zake.

Wapo wengine, na nikipata daftari kubwa nitawaandika wote. Lakini leo nataka kuandika juu ya mwalimu, kwa hiyo hao watatu nimewatanguliza ili wasije wakanikatiza huko mbele.

Mimi sasa ni mpishi katika shule moja ndogo ya mabati hapa Kabiria. Jiko langu na darasa la gredi ya sita vinatenganishwa na ukuta wa bati moja tu. Mtoto akipiga chafya kule, mimi huku namwambia pole. Kwa hiyo mwalimu mpya wa Kiswahili alipokuja, nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa uso. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Ukambani, mwembamba, lakini akicheka ungedhani kuna watu watatu wanacheka pamoja.

Alikuja na katoni. Nilidhani ni viatu anauza, maana walimu wetu wengi huuza kitu. Kumbe ni riwaya za vijana tupu, zimepangwa migongo juu. Alikuwa akizinunua mjini kila Jumamosi, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, ambako ni lazima uiname kuchagua. Alisema mgongo wake unaijua kila kona ya mji. Vingine havikuwa na jalada, vingine vilikuwa vimeandikwa majina ya watoto ambao siku hizi lazima ni wazee. Yeye aliviinua kimoja kimoja na kuvinusa, kama mimi ninavyonusa maharagwe kujua kama ni ya mwaka huu.

Kulikuwa na walimu waliomcheka. Walimuuliza kwa nini mtu mzima na shahada yake bado anasoma hadithi za watoto. Aliwajibu pale pale jikoni, sahani mkononi, kwamba riwaya ya kijana si chakula kilichopondwapondwa. Ni chakula kile kile cha watu wazima, njaa ile ile, uongo ule ule, vifo vile vile, ila mwandishi hakuruhusiwa kukuchosha. Kisha akaongeza githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Tangu siku hiyo nilimpakulia kutoka katikati ya sufuria, penye maharagwe mengi.

Kila siku saa sita kasoro, kabla ya chakula, aliwasomea watoto nusu sura. Hakusoma kama wanavyosoma taarifa. Kama mtu kwenye kitabu ana kikohozi, alikohoa. Kama mtu anadanganya, aliisoma sauti yake vizuri mno, tamu, mpaka watoto wakaanza kunong'ona kwamba huyu si mtu mzuri. Na kila mara aliacha pale pabaya kabisa, pale ambapo mlango umeanza kufunguka. Alikifunga kitabu paa, akawaambia waende wakale. Watoto walikuja kwenye foleni wakigombana, sahani zikigongana, na mimi nikiwa na upawa nikawa hakimu.

Kitabu cha muhula ule kilikuwa cha msichana mmoja wa mji mdogo ambaye cherehani ya mama yake iliibwa. Mama alikuwa akiwashonea watu sare, cherehani ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba, ukiondoa maziwa aliyowaletea mama mmoja jirani kila asubuhi. Basi msichana akaacha maji motoni akaondoka kuitafuta, soko baada ya soko, akisikiliza kila fundi, maana alisema anaujua mlio wake, ina kigugumizi kwenye kona.

Watoto waliniuliza mimi naona nani mwizi. Niliwaambia bila kungoja: ni baba mdogo.

"Anti, lakini bado hatujafika hapo," msichana mmoja mwenye miwani akaniambia.

"Hata msipofika. Baba mdogo alilala hapo usiku ule wa wizi, akaondoka asubuhi bila chai. Ni nani huondoka bila chai?"

"Labda hakuwa na njaa."

"Wewe kula," nikamwambia. "Utakua utajua."

Wiki tatu nilikuwa na uhakika. Kila sura iliyosomwa nilisikia ushahidi mwingine. Kuna wakati nilimwambia mwalimu mwenyewe kwamba mwandishi anapoteza muda, mwizi anajulikana, amfunge tu tuendelee na mambo mengine. Mwalimu alicheka vile vicheko vyake vitatu, akasema, "Mama, we ngoja."

Ikafika siku ya sura ya kumi. Nilikuwa nimekwisha kuchochea kuni, githeri imeanza kukauka, na mtu yeyote anayepika kwa sufuria kubwa anajua kwamba hapo ndipo huuachi mwiko. Unageuza, unageuza, unapunguza moto. Dakika kumi za mwisho ndizo kazi. Lakini kule upande wa pili msichana alikuwa ameingia mji wa nne, ameuliza fundi, ameambiwa kuna mwanamume amekuja jana kuulizia cherehani ya namna hiyo hiyo. Amemfuata mpaka kwenye kibanda kimoja. Ni baba mdogo. Nikaenda kwenye bati. Nikaweka sikio.

Baba mdogo alikuwa amelala kwenye gunia, miguu imevimba. Hakuwa ameiba. Siku ile asubuhi aliamka mapema, akakuta cherehani haipo, akaona aibu kumwamsha shemeji yake amwambie. Akaondoka kuitafuta yeye mwenyewe. Alikuwa ametembea soko baada ya soko, siku mbili mbele ya mtoto, kwa miguu hiyo.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mwalimu aliisoma sauti ya yule mtu polepole, ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa tamu hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kugonga bati nimwambie arudie, hajasoma vizuri. Kisha sikuwa nimekasirika tena, ila sikuweza kuondoka. Msichana akamuuliza, kama si wewe, ni nani? Baba mdogo akasema, nadhani namjua. Na mwalimu akakifunga kitabu.

Hapo ndipo nikasikia harufu.

Githeri ikishika chini imeshika. Ukiikoroga ndiyo unaupandisha moshi mpaka juu. Niliikoroga. Watoto mia moja na zaidi walikula siku ile chakula chenye ladha ya mkaa, wengine walimwaga, na mwalimu mkuu akaja jikoni amekunja uso.

Mwalimu mkuu wetu si mtu mbaya, ni mtu wa ratiba. Alitazama saa, akauliza gredi ya sita ilitoka saa ngapi. Ilikuwa imechelewa, kweli, dakika tano hivi. Akasema basi ndiyo hiyo: watoto wanacheleweshwa na hadithi, chakula kinakaa motoni kinamngoja mtu asome riwaya. Akaniangalia. "Si ndiyo, mama?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilisema, "Inawezekana."

Neno hilo tu. Jioni yake saa ya kusoma ilifutwa, ikawekwa marudio ya mtihani.

Nataka niandike vizuri jinsi wiki iliyofuata ilivyokuwa, kwa sababu nimeandika sana juu ya waliyonifanyia watu wengine. Upande wa pili wa bati nilisikia sauti ile ile ikisoma maswali. Swali la kumi na moja. Swali la kumi na mbili. Watoto walikuja kwenye foleni kimya kama watu wa hospitali. Hakuna aliyeniuliza chochote, kwa sababu hakukuwa na cha kuuliza. Baba mdogo alikuwa bado kwenye gunia lake, anadhani anamjua mwizi, na hakuna aliyekuwa akimruhusu aseme. Katoni ilirudi kwa mwalimu nyumbani, imefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Mwenye miwani alilia alipoiona inaenda. Na Alhamisi mwalimu alikuja kuchukua chakula chake, akasimama hapo mlangoni, akaniambia, "Mama, pole sana kwa siku ile. Nilikuharibia kazi."

Yaani aliamini. Alichelewa dakika tano, akaamini ndizo zilizoniunguzia sufuria.

Na mimi nikamjibu, "Haidhuru, mwalimu."

Nilienda nyumbani na hilo haidhuru. Sikuweza kulimeza. Maisha yangu yote nimewataja watu kwa walichofanya, na katika wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuombwa msamaha na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemkosea, akaupokea. Hata mama wa Woodley hakufika hapo.

Ijumaa asubuhi, kabla sijawasha moto, niligonga ofisi ya mwalimu mkuu. Aliniambia niketi. Nikakataa, nikasema ni neno fupi.

"Ile githeri iliungua kwa sababu ya baba mdogo."

Akaweka kalamu chini. "Baba mdogo wa nani?"

"Wa kwenye kitabu."

"Mama, uko sawa?"

Basi nikaketi. Nikamweleza. Nilimweleza cherehani, nikamweleza soko la kwanza na la pili, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyemhukumu yule mtu wiki tatu mbele ya watoto, na siku alipoonekana hana hatia nilikuwa nimesimama nimebandika sikio kwenye bati, mwiko mkononi, na moto uko nyuma yangu. Mwalimu hakuchelewesha chakula. Angetoka mapema dakika ishirini, bado ingeungua. Nikamwambia kama ni kufuta, anifute mimi, asifute hadithi.

Akaichukua kalamu yake tena. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitarudi kufua wapi. Kisha akauliza, "Na alikuwa wapi hizo siku mbili?"

"Nani?"

"Huyo baba mdogo. Umesema alitangulia siku mbili."

Nikamweleza hilo pia. Ikawa tumekaa mpaka kengele. Mwisho akasema hadithi itarudi, lakini itasomwa nje, uwanjani mbele ya jiko, mahali ambapo mpishi anaweza kusikia na kuona sufuria yake kwa wakati mmoja, kwa sababu mpishi huyu ameonekana hawezi kuchagua. Na akasema lazima nimwambie mwalimu mwenyewe, yeye hatanisemea.

Nilimwambia saa nne, wakati wa uji. Nilitarajia anune. Alinisikiliza, mdomo ukaanza kumtetemeka, nikadhani ni machozi, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mama, miaka yote nafundisha hakuna mtu aliyewahi kuniunguzia chakula kwa sababu ya sura ya kumi." Kisha akaacha kucheka, akanishika bega, akasema asante kwa kumwambia. Hilo la pili lilikuwa gumu kulipokea kuliko la kwanza.

Jumatatu gredi ya sita ilitoka nje na madawati yao. Mwalimu aliwaambia kilichotokea, kwa kibali changu. Nilidhani watazomea. Badala yake yule wa miwani akainua mkono.

"Ticha, si sheria ni kwamba anayechelewesha hadithi anasoma ukurasa mmoja amesimama?"

Kumbe walikuwa na sheria hiyo, ya watu wa kelele. Wote wakageuka kunitazama. Mwalimu akaanza kusema kwamba hiyo ni ya wanafunzi, kwamba mama ana kazi. Alikuwa ananiokoa, nilimwona. Alijua nilifika darasa la tano.

"Nipe hicho kitabu," nikamwambia.

Niliifuta mikono kwenye aproni, pande zote mbili. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amejifanya amepita tu kuangalia usafi wa jiko, akasogea, akachukua mwiko wangu, akaanza kugeuza githeri. Aligeuza vibaya, kama mtu anayekoroga chai, lakini aligeuza.

Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, naliangalia neno, natua, naliangalia lingine. Hakuna aliyecheka. Mahali fulani nilikwama kabisa, na watoto wawili watatu wakalisema neno hilo polepole pamoja nami, bila dharau. Baba mdogo akainuka kwenye gunia. Akamwambia msichana akumbuke ni nani aliyekuja wa kwanza kabisa kuwapa pole, kabla hata hawajaita majirani. Akamwambia akumbuke yule mama aliyewaletea maziwa kila asubuhi. Nilipolifikia neno maziwa nililisoma mara mbili, maana sikuamini macho yangu, na gredi nzima ya sita ikavuta pumzi.

Mwalimu akasema, "Asante, mama, ukurasa umeisha."

Nikamwambia angoje kidogo, nikageuza ukurasa.