Mafuta ya Kondoo na Springi za Lori

Aliyelipaka lori lami ni mimi. Nasema mapema msije mkamsingizia shetani, ambaye wakati ule alikuwa na kazi nyingi kwingineko. Hata leo, wajenzi wa barabara wakichemsha lami karibu na shule ninakofundisha, harufu ile ikipenya dirishani walimu wenzangu hupiga chafya. Mimi huuma meno.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, Hali ya Hatari, ile vita ya mkoloni na watu wa msituni, imepamba moto, nasi tumeshasukumwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Manyatta. Baba aliendesha lori la Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa Meru mjini, na mzee huyo alipenda kusema kwamba chuma uchi huliwa na kutu. Basi nilipookota debe la lami lililosahauliwa darajani, imelainika kwa jua, nikaingia chini ya lori kulivisha. Nilipaka springi, bolti, nati, hata matundu ya kutilia grisi. Nikatoka na furaha ya mtu aliyeokoa mali.

Kesho yake asubuhi hedimani, mkubwa wa homgadi wetu, yaani wanakijiji waliopewa bunduki na serikali watulinde, akachungulia chini ya lori pale langoni. Mtu huyu alikuwa jirani yetu, aliyezoea kuja kwetu kuomba chumvi kabla hajapewa bunduki. Akauliza gari limefichwa tumbo kwa nini. Baba akasema hajui, na kweli hakujua. Nikasema ni mimi. Akanizaba kofi, akasema siku hizi watu wa msituni wanafundisha hata watoto kudanganya. Kisha akatoa amri: kabla hajaenda barazani kumlaki Bwana DC, mzungu mkuu wa wilaya, springi zote ziwe zimekwanguliwa hadi chuma kionekane, ajue kama risasi zimefichwa kati yake. Likibaki hata doa, baba atapanda gari la kambini, lile lililochukua wengine na hatujawaona tena. Baba akakalishwa ukingoni mwa handaki, mikono kichwani.

Mapanga ya kukwangulia yalikuwa yamekusanywa zamani na homgadi. Mafuta ya taa yaliuzwa kwa ruhusa ya hedimani, naye hakuitoa. Mama, mwenye mimba kubwa, akaleta kibuyu cha mafuta ya kondoo, yale ambayo kwetu mwanamke huwekewa ya kumtia nguvu akishajifungua. Akalala chali chini ya lori, tumbo likigusa chuma, akapaka mafuta juu ya lami na kusugua kwa majivu. Mimi nilikwangua kwa kifuniko cha mkebe. Lami ikalegea shingo upande, ikatutiririkia hadi kwapani. Homgadi mmoja akasema huyu mama atazaa tairi. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini ule sijausamehe, ingawa ulikuwa mzuri.

Hedimani akaja, akaingiza mikono juu ya ekseli, ambako lami iliyolegea ilikuwa imetiririkia, akapekua kila springi kwa vidole. Hakupata kitu. Alimwashiria baba ainuke, kama anayefukuza nzi. Ndipo akaona mikono yake mwenyewe: myeusi hadi viwiko, na Bwana DC yuko njiani.

“Mama Njeru,” akasema, kwa ile sauti ya zamani ya kuomba chumvi, “nisaidie mafuta kidogo.”

Mama akakipindua kibuyu. Halikudondoka hata tone. Hedimani akaenda hivyohivyo, na waliokuwa barazani walisema Bwana DC aliutazama mkono ule, akautia wake mfukoni.

Jioni mama akavuta kibuyu cha pili kutoka chini ya kitanda, akaanza kunisugua viganja. Mjinga mimi, nilimkasirikia. Kama yalikuwapo, si angempa tu yaishe? Imenichukua miaka kuelewa kwamba katika kijiji kile kizima, ambako tulimpa mtu yule kuku, mbuzi na migongo yetu, siku hiyo ndiyo niliyoona kwa mara ya kwanza akinyimwa kitu. Jioni ile nikamwuliza mama kwa nini hakumpa. Akaendelea kunisugua.

“Haya ni ya watoto wangu. Yeye ana serikali. Imwoshe.”