Midomo ya Binti wa Msagaji

Anayesema kelele haziui hajamwona Mzee Pumba. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa vile kutwa nzima anashinda mweupe kwa pumba na unga, kuanzia kope hadi vidole vya miguu, naye alilipokea kwa kicheko. Tangu ujana wake anasimamia mashine ya kusaga mahindi, na mashine, taratibu, ikamla masikio. Lilianza la kulia, la kushoto likafuata. Sasa hata ukimpigia honi mgongoni, hageuki.

Wateja walipoanza kulalamika kwamba anasaga asichoagizwa, binti yake, mtoto mdogo wakati huo, alianza kusimama kando ya mizani na kumtamkia baba yake maneno yao kwa midomo tu. Midomo ya watu wengine ilimshinda mzee: huyu anatafuna maneno, yule ana masharubu. Ya mwanawe aliisoma bila kubahatisha. Ikawa raha yao. Walimsengenya mteja mbele ya mteja mwenyewe.

"Shangazi huyu kajipulizia manukato mpaka mashine inataka kupiga chafya," binti alikuwa akisema bila sauti, na baba akiinamia mkanda wa mashine kana kwamba anaukagua, mabega yakimtikisika.

Binti huyo sasa amempita baba yake kwa kimo. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa mbali, na Mzee Pumba alitamba nayo hadi majirani wakaanza kumkwepa. Moyoni, hata hivyo, alikuwa na hofu moja. Mkewe alishafariki. Kazi ingeendelea, maana mteja anaweza kuonyesha kwa kidole. Lakini atazungumza na nani? Alijipoza kwamba likizo zipo, na kwamba akihitimu atapata kazi kwenye zahanati ya hapo jirani.

Mchana mmoja mkanda ulikatika. Akiwa anatafuta mwingine rafuni, alitupa jicho dirishani. Ng'ambo ya ua binti alisimama na rafiki yake, wakiongea. Dirisha lilikuwa limefungwa, nao walikuwa mbali, na kwa mtu mwingine hiyo ingetosha asijue wanachosema.

"Sirudi," binti alikuwa anasema. "Nikimaliza natafuta kazi huko huko. Nimechoka kuwa masikio ya mtu. Nampenda baba, lakini nikirudi hapa nitazeekea kwenye mizani."

Rafiki aliuliza kitu.

"Aa, nitamwambia narudi. Atazoea."

Mzee Pumba angepaswa kutazama pembeni, na hakutazama pembeni. Baadaye, akifunga mkanda mpya, alitafuta hasira akaikosa. Alitafuta angalau sentensi moja ya kumpinga mtoto, hiyo nayo akaikosa. Nani anataka mwanawe azeekee kwenye mizani? Aliwasha mashine, mtetemo ukampanda miguuni, akasaga debe lililokuwa mbele yake.

Jioni binti aliketi mbele yake sebuleni, uso ameuelekeza kwenye taa, kama kawaida yao.

"Baba, nitarudi. Likizo zote. Na nikihitimu narudi moja kwa moja."

Alitamka polepole, neno moja moja, kama anayemfundisha mgeni lugha. Hawakuwa na desturi hiyo. Wao wawili walizoea kuongea mbiombio. Mzee Pumba aliitazama midomo ile mpaka ikafungika.

"Najua, mama," alisema, kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima. "Wewe nenda tu. Mimi nipo."

Binti alimrukia, akamkumbatia kwa nguvu, akaufukia uso begani mwake, na huko akaendelea kusema. Mzee alikihisi kidevu kikipanda na kushuka, kwa muda mrefu, na machozi yakimlowesha shati. Angeweza kumwinua uso aone anachosema. Hakumwinua.