Seng'enge ya Shamba la Baba

Peris hakuumbwa kutulia. Hata ndani ya basi husimama, viti vitupu vimejaa tele. Ila alasiri hiyo alikuwa na sababu. Mama yake, aliyepanga chumba Nakuru tangu nyumba yao karibu na Eldoret ilipochomwa baada ya uchaguzi wa 2007, alitaka kurudi kujenga palepale. Fundi alikuwa tayari. Kilichobaki ni neno la Peris, kifungua mimba, na mama aliingoja simu yake jioni hiyo.

Kazi ya Peris London ni kutunza wazee majumbani mwao. Siku hiyo alikuwa Kingsbury kwa Mzee Mansukh, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Eldoret enzi zake. Mzee huyu ana ugonjwa usio na dawa: filamu za kauboi. Kila akishashiba, lazima wazungu wavuke nyika ya Amerika na magari yao ya ng'ombe, wajenge, wachomewe, wajenge tena.

"Kaa chini, Peris! Wewe nazunguka kama kuku nataka taga," alifoka kwa Kiswahili chake cha dukani.

Peris akakaa ukingoni mwa kochi. Katika filamu hizo yeye huwa upande wa mama mwenye kibanda kinachoteketea. Waliochoma huwachukia waziwazi, wala haoni haya. Lakini leo mzee mmoja wa wenyeji wa nyika ile alishuka kwenye farasi, akasimama mbele ya seng'enge ya wazungu, akayatazama maji ng'ambo ya pili. Hakupiga kelele. Alisimama tu.

Mansukh akacheka. "Seng'enge mzuri! Mimi nauza mingi sana kule. Asubuhi nauzia ile mtu nafunga shamba, jioni nauzia koleo ile mtu nataka kata."

Peris hakucheka. Alikuwa amemkumbuka Mzee Sitienei, jirani yao wa kule Eldoret. Pembeni mwa shamba lao palikuwa na udongo wa chumvi, na kila kiangazi Sitienei alileta ng'ombe wake kuulamba, kama walivyofanya baba na babu yake. Marehemu baba yake Peris alikuwa amenunua shamba kihalali kupitia ushirika, hati alikuwa nayo. Akazungusha seng'enge. Ng'ombe walilia nje siku nzima, na watoto nyumbani, Peris akiwamo, wakachekelea.

Alipomaliza kazi hakungoja basi. Alitembea mbiombio kupita maduka ya sari ya Kingsbury Road, simu sikioni.

"Mama, jenga. Lakini kwanza nenda kwa Mzee Sitienei. Mwambie ile pembe ya chumvi tutaifungua, ng'ombe wake walambe."

Alijisikia mwepesi kwa kusema hivyo. Karibu ajipongeze.

"Nilienda, Peris," mama akasema. "Mwezi uliopita. Hana ng'ombe tena. Aliwauza baada ya babako kufunga shamba."

Peris akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku wakinung'unika.

"Alikukasirikia?"

"Hata. Alinipa maziwa ya kununua. Halafu akaniuliza kama wewe utakuja kukaa huko, ama unanituma mimi mzee nikakushikie shamba."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, mwanangu? Nilimwambia nitakuuliza."