Kiti Alichokikataa Mzee Obwocha

Kwa miaka tisa Manasseh Ondieki aliishi kama kapera ilhali ana mke na watoto watatu. Alikuwa karani katika ofisi moja ya majani chai huko Kericho, akilala kwenye chumba cha kupanga na kujipikia ugali usioiva. Kwao, kwenye kilima kilicho juu ya Kebirigo, alifika mwisho wa mwezi tu, Ijumaa kabla jua halijatua, Sabato isimkute njiani. Basi mwaka wa 1971 alipopata mkopo wa kununua gari, hata wenye kijicho walimwonea huruma. Maili arobaini na tano kwenda, arobaini na tano kurudi, na usiku alale kwake: hivyo ndivyo alivyoapa. Tena kulikuwa na babake, Mzee Obwocha, mgonjwa wa kifua. Kifua kikimbana, hospitali ilikuwa maili saba, na vijana wa kijiji walikuwa wameota sugu mabegani kwa kumbeba kwa machela. Gari lingemfikisha kabla pumzi haijamwishia.

Yalikuwepo magari mawili ya kuchagua. Moja ni Land Rover kuukuu ya daktari wa mifugo, Mzungu aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao. Mbele ilikuwa na kibanda cha dereva, nyuma turubai na mabenchi mawili yanayotazamana. Ilinuka ng'ombe, lakini ilipanda vilima bila kulalamika na mwenyewe aliiuza kwa bei ya kuagana. Jingine lilikuwa gari dogo, jipya, la rangi ya krimu, lililosimama dukani Kisumu nyuma ya kioo kikubwa, viti vyake vingali vimevikwa nailoni.

Drusilla, mkewe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwanamke wa kuona mbali. Alisema wachukue Land Rover. Mumewe alidhani anaogopa deni, akaanza kumtuliza, naye akamwambia hakuwa akizungumzia pesa. Alizungumzia chinsoni, ile haya ambayo kila Mgusii hulelewa nayo kati ya mkwe na mkwe. Baba haingii chumbani kwa mwanawe wala hagusi kitanda chake, na Mzee Obwocha, ambaye alizidi wengine wote kwa hilo, hakuketi hata kwenye kigoda alichoinukia mke wa mwanawe. Katika Land Rover mzee angepanda nyuma, na bati lingekuwa katikati kama ukuta.

"Hilo dogo ni chumba kimoja," Drusilla alisema. "Baba hatapanda."

Ondieki alicheka. Babake alikuwa amebatizwa kabla yeye hajazaliwa, na dunia imegeuka, na Uhuru haukuletwa ili mtu msomi arithi makombo ya Mzungu yanayonuka samadi. Wenzake ofisini wangesemaje? Hapo ndipo penyewe palipokuwa. Mtu anaweza kuapa kwamba anamnunulia babake gari, kumbe moyoni anawanunulia makarani wenzake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Alikwenda Kisumu akarudi na la krimu, na Land Rover ikachukuliwa na jirani yake Makori, mchuuzi wa ndizi, ambaye hakuwa na ofisi ya kuringia.

Siku gari lilipofika, Drusilla alipandishwa Kebirigo akaketishwa kiti cha mbele, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka nyumbani. Mzee Obwocha alitoka, akalizunguka, akaligonga gurudumu kwa fimbo, akasifu. Mwanawe akamfungulia mlango. Mzee akanyoosha mkono kushika kiti, akakumbuka nani ameshuka hapo sasa hivi, akaurudisha mkono nyuma na kuufuta kwenye koti. Kwa sauti ya upole alisema kanisa si mbali na miguu bado anayo. Maji ya ubatizo yalikuwa yamemwosha pombe, tambiko na mke wa pili, lakini hilo hayakuligusa.

Tusilisingizie gari, lilifanya kazi yake. Kwa miezi minane Ondieki aliamka jogoo wa kwanza, akafika Kericho kabla ya kengele, na jioni akala na wanawe. Yule mdogo, ambaye zamani alijificha nyuma ya mamake akimwona, alianza kumkimbilia. Kila Sabato Ondieki alimkaribisha babake garini na kila Sabato mzee akashukuru, akatangulia kwa miguu. Drusilla alimsihi mumewe aongee na Makori, wabadilishane magari hata kwa hasara. Ondieki akasema mgonjwa hachagui kitanda.

"Atakapobanwa atapanda," alisema, na akalirudia neno hilo mara nyingi mno.

Alibanwa Jumapili moja asubuhi. Makori alikuwa na Land Rover yake Nyamache tangu siku iliyotangulia, akinunua ndizi. Ondieki alileta gari hadi mlangoni pa babake, injini ikinguruma, mlango wa nyuma wazi, nailoni ing'oke ising'oke hakujali tena. Walimtoa mzee akipumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Alipofikishwa garini aliishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Unanipeleka hospitali," aliuliza, "au unaniingiza chumbani kwako na mkeo?"

"Tata, nakuomba. Hakuna atakayekuona."

"Mimi nitajiona."

Ondieki akamshika kiuno amsukume ndani. Hapo Nyasani, ndugu mdogo wa mzee, akamwondoa mikono polepole, kidole kwa kidole, kwa maana mtoto hamsukumi babake, na laana ya namna hiyo haina dawa. Machela ikaletwa, ile ile ya miti miwili na blanketi, na wanaume wanne wakaingia chini yake.

Ondieki akawafuata na gari tupu. Alikwenda kwa gia ya kwanza maili nzima, kisha maili ya pili, akitumaini kwamba mzee ataishiwa ukaidi kabla ya kuishiwa pumzi. Wabebaji walipobadilishana mabega waligeuka wakalitazama gari, wakatazama mbele tena. Aliwachukia. Akamchukia babake pia, kwa uchungu wa mtoto aliyenyimwa, na alipomaliza kuwachukia wote akabaki na yule karani aliyesimama mbele ya kioo kikubwa Kisumu akijitazama. Mbele kidogo ya Kebirigo, machela iliwekwa chini kwenye nyasi. Nyasani akavua kofia.

Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda na wabebaji walikuwa hoi. Hakuna aliyethubutu kulitaja gari, mpaka Nyasani mwenyewe aliposema.

"Maiti haina haya. Mtieni ndani."

Wakamlaza kiti cha nyuma, wakamkunja magoti kwa sababu gari lilikuwa fupi. Hivyo ndivyo Mzee Obwocha alivyopanda gari la mwanawe. Ondieki aliliendesha polepole, akiepa kila shimo, kana kwamba bado kuna mtu wa kuumia.

Baada ya mazishi kiti kilisuguliwa kwa sabuni na maji moto. Jumatatu Ondieki alimfungulia mkewe mlango wa mbele, amshushe shuleni kama kawaida. Drusilla hakulia wala hakumkumbusha kwamba alimwambia.

"Baba mkwe wangu amelala humo," alisema. "Nitaketije mimi?"

Hakuketi tena. Mkopo ulidai miaka mingine minne, na Ondieki akaendelea na maili zake tisini kwa siku. Asubuhi alimpita mkewe barabarani, vitabu kichwani. Alipunguza mwendo kila mara, naye Drusilla akasogea majanini kulipisha gari, bila kuinua macho, kama mtu anayelipisha gari la mgeni.