Mwamba Uliofagiliwa

Zulia la sebuleni likishalowa maji halibebeki na mtu mmoja, wala halifuliki kwenye beseni. Ndiyo maana Mama Zulia hakuwa na pa kufanyia kazi yake ila pale ziwani, kwenye mwamba bapa ulioinama kidogo kuelekea majini, uchafu ukateremka wenyewe. Nyumbani bomba lilidondosha matone tu, na ua ulikuwa wa kupita ubavu ubavu. Mwamba ule ulimlisha yeye na wanawe, pamoja na wifi yake, aliyeshika ncha ya pili ya kila zulia tangu walipomzika mume wa mmoja, kaka wa mwingine.

Basi lilipobandikwa tangazo kwamba tajiri mmoja ameomba kujenga gati lake binafsi la kuegeshea boti za starehe, papo hapo mwambani, Mama Zulia alilisoma mara mbili. Tangazo lilisema maofisa wangekuja kukagua eneo, halafu kifuate kikao cha maoni ya wananchi. Akawakusanya wafuaji wenzake. Wageni wakikuta povu na kamba zimetanda kila upande, akawaambia, watatuona wachafuzi, na hapo tumekwisha. Wakayakunja mazulia wakayapeleka nyumbani, wakafungua kamba, wakafagia. Yeye mwenyewe alipiga magoti akausugua mwamba kwa brashi.

"Wifi, punguza," mwenzake akamtania. "Watadhani ni sahani, waulize chakula kiko wapi."

Maofisa walifika, wakapiga picha, wakaondoka. Wafuaji walikuwa wamesimama juu kule barabarani, ndani ya nguo zao za kutokea, ili wasiwasonge wageni. Hakuna aliyewauliza lolote, nao hawakuona vyema kumkatiza mtu aliye kazini.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Tajiri hakuja, alimtuma wakili wake. Ofisa mkaguzi akaonyesha picha ukutani, kisha akasoma taarifa: eneo ni mwamba mtupu, safi, na hakuna shughuli yoyote ya wananchi inayofanyika hapo.

Mama Zulia aliitazama ile picha. Jiwe lilikuwa linang'aa. Akasimama kabla hajaitwa.

"Samahani, mheshimiwa. Pale tunafua mazulia. Kila siku."

"Tulifika, mama. Hapakuwa na kitu."

"Tulivitoa kwa heshima yenu. Kwani wewe mgeni akija kwako hufagii?"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa upande wake. Ofisa akamweleza kwa upole kwamba yeye huandika alichokiona, si alichosimuliwa. Mama Zulia akamsihi warudi kesho, warudi bila kutoa taarifa, wawakute na povu lao. Akajibiwa kwamba ukaguzi umeshafungwa.

"Basi andika kwamba ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia wasafishe. Wenzangu msiwanyang'anye kazi kwa sababu ya adabu yangu."

Ofisa aliangalia saa, akamwita mchangiaji mwingine. Kikao kiliitwa cha maoni ya wananchi, na mwananchi alikuwa ametoa maoni yake, ila kalamu ya mwandishi wa kikao haikusogea.

Asubuhi iliyofuata wifi yake alimkuta mwambani. Mama Zulia alikuwa ameleta mazulia yote ya wateja, hata yaliyokwisha kukauka na kusubiri wenyewe, akayalowesha upya, akayatandaza mpaka jiwe likapotea chini yake.

"Lakini haya ni safi, wifi."

"Najua. Shika huko, tulivute."

Gari la ofisa hawakuliona. Lilikuja la wapima ardhi, likashusha vigingi na nyundo. Kikao kilikuwa jana tu, na vigingi vilikwisha kupakwa rangi. Mpima mmoja, mtu mzima mwenye haya usoni, akawaamkia vizuri, akaomba wayatoe mazulia kidogo ili wapate kupima.

Wifi, kwa mazoea ya kuwapisha watu, akainama kukunja ncha yake. Mama Zulia akaenda akaketi katikati ya zulia bichi, maji yakimpenya nguoni.

"Pimeni," akasema. "Safari hii sitoi kitu."