Nyayo za Kacaw

Sawmah alifundishwa kukanda nyayo na mtawa wa kigeni wa parokia yao, huko Taidong. Mtawa alisema Wachina wa kale waliijua kazi ile, ikasahaulika, Wazungu wakaiandika upya, na sasa ilikuwa inarudi kwao. Kila kiungo cha mwili kina mahali pake unyayoni. "Lakini ukikuta pabaya," alimwonya, "mtume mtu hospitali. Usijifanye daktari."

Wengi Sawmah aliwatuma, wakaenda. Mumewe hakwenda.

Kacaw alikuwa fundi wa kusuka nondo. Alipoanza kulalamikia ubavu wa kulia, mkewe alimlowesha miguu katika maji moto ya tangawizi, akakunja kidole cha shahada, akakandamiza unyayo wa kulia, mahali pa ini. Chini ya ngozi kulikuwa na punjepunje kama mchanga. Kacaw akang'ang'ania kiti.

"Unaniua, mama Lisin."

"Hilo ni ini. Kapime."

"Nimeoa hospitali nzima, halafu nikapange foleni kwa watu?"

Wakacheka wote wawili. Wakati huo wateja walikuwa wakimjia Sawmah kutoka vijiji vya mbali, na maneno yale yalimkaa vizuri moyoni. Akawa anamkanda kila jioni. Maumivu yakapungua, Kacaw akarudi kazini, na Sawmah akaacha kumsumbua habari za kupima.

Msimu wa tufani wa mwaka uliofuata ulipokwisha, macho ya Kacaw yalikuwa ya manjano.

"Alianza kuumwa lini?" daktari aliuliza walipofika hospitali.

"Mwaka jana," Sawmah alisema.

"Na mlikuwa mnatumia dawa gani?"

Kacaw ndiye aliyejibu, kwa fahari ileile: "Mke wangu alikuwa ananitunza."

Daktari akaandika, akaagiza alazwe.

Wodini miguu ya Kacaw ilivimba. Sawmah alipombonyeza, kidole kiliacha shimo, na shimo halikujaa. Binti yao Lisin, aliyekuja kutoka jiji la Taibei, alisimama mlangoni akitazama.

"Mama, acha basi. Unakanda nini sasa?"

"Ameniomba mwenyewe."

"Na mwaka jana si alikuomba vilevile?"

Sawmah aliendelea, taratibu, bila kutafuta kitu. Kacaw alifariki mpunga ukiwa bado haujavunwa.

Baada ya mazishi, jirani yao Dongi alikuja na mgongo wake. Sawmah alimwosha miguu, akaifuta, akashika kisigino. Kidole kikakataa kukunjika.

"Nenda hospitali, dada."

"Kwa mgongo tu? Nikande kidogo, kesho nitaenda."

Sawmah akaulaza mguu ule juu ya taulo, akaenda kumwaga maji nje, akapitia mlango wa nyuma na kujifungia chumbani. Dongi alimwita mara kadhaa, kisha akavaa viatu akaondoka.

Tangu hapo hajashika mguu wa mtu. Lisin hupiga simu Jumapili. Huulizana habari za mvua, kisha mmoja wao hukata.