Kadi za Mirathi

Kaka yangu alirudi Maskati kutoka Marekani na shahada ya uhandisi, suti mbili zisizomkaa vizuri, na boksi moja la kadi za mpira wa kikapu ambalo halijafunguliwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Shahada baba aliitundika ukumbini. Boksi kaka alilipandisha mwenyewe juu ya kabati la chumbani kwake, na nailoni ya kiwandani ingali imelikaza, akaniambia mimi, dada yake wa pekee, kuwa tutalifungua pamoja.

Lini? Idi. Ikaja Idi Ndogo, akasema tungoje Idi Kubwa. Ikaja Idi Kubwa, akasema nina pupa. Kweli ninayo, na hasira zangu ziko karibu, naye alizijua akazifurahia. Alikuwa na hoja yake: maadamu hatujafungua, kila kadi tuitakayo imo humo; tukishafungua, tutabaki na tulichonacho tu. Maneno ya mtu aliyesoma sana. Mimi nilitaka kuchana nailoni.

Lakini kazi yenyewe alinifundisha, kwa kadi nyingine alizokuwa nazo. Kwanza nikanawe mikono kwa sabuni na niikaushe barabara. Kadi ishikwe kwa kingo, usoni isiguswe. Tazama pembe: moja ikibutuka, thamani imeshuka. Tazama picha kama imekaa katikati au imeelemea upande mmoja. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha uone mikwaruzo. Na katika kadi zote za mchezaji, inayotafutwa zaidi ni ile ya msimu wake wa kwanza. Yeye alikuwa akiitafuta moja tu, ya kijana mmoja aliyeanza kucheza mwaka ule ule kaka alipoanza chuo na boksi lile lilipotoka kiwandani. Alikwenda uwanjani kumtazama mara moja tu, akakaa viti vya juu kabisa, na hakuchoka kutuhadithia.

Akaoa, akahamia na mkewe chumba kile kile, na boksi likabaki juu ya kabati. Kisha akafa. Ijumaa moja asubuhi alikwenda Qurayyat kununua samaki, kwa sababu alishikilia kwamba samaki wa mjini wameshachoka kabla hawajafika, na gari likapinduka kwenye kona wakati wa kurudi. Mkewe alikuwa na mimba. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na ilipokauka niligombana na kila mtu, hata na wanawake waliokuja kutupikia.

Mirathi ikangoja mtoto azaliwe. Akazaliwa mwanamume. Hata baada ya hapo ikangoja, kwani baba hakuwa na haraka ya kumgawa mwanawe. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea siku baba alipomwita sheikh wa msikiti wetu, na sote tukakaa ukumbini. Kikagawiwa kiwanja cha Al Khoudh, ikagawiwa saa, vikagawiwa mpaka viatu. Halafu wifi yangu akakumbusha kuwa juu ya kabati kuna boksi.

Mimi sikuwa na fungu. Baba yupo, mtoto wa kiume yupo. Dada hapati kitu. Sheria ni ya Mungu na sibishani nayo, lakini nasema wazi iliniuma. Katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyelitaka boksi lile, na ni mimi peke yangu ambaye halinihusu.

Nikawaomba waliache lilivyo, awekewe mtoto mpaka akue. Nikawaeleza kwamba boksi lililofungwa ndilo lenye bei, na likifunguliwa huenda likawa halina kitu. Sheikh alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema kitu kisichojulikana kilichomo hakigawiwi wala hakiuzwi. Ni sawa na kuuza samaki aliye bado baharini. Nilipofungua mdomo tena, baba akanikata.

"Humo mna haki ya yatima," alisema. "Sitaki kwenda kuulizwa juu ya kitu ambacho sikukijua. Lifungue, utie thamani."

Nilikwenda jikoni kunawa mikono, mama akanifuata. Hapo nikamshika. Wewe una sudusi yako, fungu moja katika sita, nikamwambia. Nitakuonyesha kadi moja, ichukue kwa fungu lako unipe mimi, sitaki kingine. Mama alikuwa akiziita kadi zile makaratasi tangu siku zilipoingia nyumbani. Akaniambia nionyeshe tu kwa jicho, yeye ataichukua.

Basi nikachana nailoni, mbele ya sheikh, baba, mama na wifi aliyempakata mwanawe. Ikatoka harufu ya wino uliofungiwa miaka. Nilifungua pakiti moja moja, nikatazama pembe, nikainamisha kwenye mwanga, nikatamka: hii haina kitu, hii haina kitu, hii ya wastani. Nyingi hazikuwa na kitu. Miaka yote ile ya kuambiwa nisubiri, na ndani ni wachezaji wa akiba! Nilimkasirikia kaka kama vile yuko chumbani anacheka. Baba naye alianza kunitazama kwa huruma, na huruma yake ikanichoma zaidi.

Kisha nikafungua pakiti nyingine, na yule kijana akawa amekaa juu kabisa. Msimu wake wa kwanza. Pembe kali, picha katikati, uso hauna hata mkwaruzo. Kuita "Kaka!" kulinifika mdomoni, nikakumeza. Ningeweza kusema hii nayo haina kitu, na nani angejua? Lakini mtoto alikuwa pale mbele yangu, analamba kidole. Nikasema hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, nikaiweka peke yake juu ya kitambaa, nikamtazama mama.

Sheikh akapiga hesabu, akasema fungu la mama linaitosha kadi ile, kama anaitaka, au achague nyingine. Mama akajisogeza kwenye zulia. Mkono wake ukaipita kadi yangu. Ukaenda kwenye lile fungu kubwa la zisizo na kitu, ukachakura, ukatoka na kadi ambayo nilishaitupa bila ya kuitazama mara mbili.

"Mimi nipeni hii," alisema.

Damu ilinipanda. Nikamwambia, mbele ya sheikh, kwamba hiyo haina thamani yoyote, pembe yake moja imebutuka, na kwamba tulikubaliana jikoni. Mama alikuwa ameishika kwa vidole vyote, vidole gumba viwili usoni mwa picha, kinyume cha yote niliyofundishwa. Akanisogezea.

"Hebu mtizame," alisema. "Mtizame vizuri. Si kaka yako huyu?"

Nikaitazama. Lilikuwa jitu jeupe lenye uso mrefu na masharubu, linaruka huku limefumba macho. Halikufanana na kaka hata ukucha. Nikainua kichwa nimwambie mama, mbona unasahau, kaka hakuwa hivi, pua yake ilikuwa hivi, macho yake yalikuwa hivi. Nikatafuta. Kadi zote nilizozishika asubuhi ile nilikuwa nazo kichwani, pembe zake na mikwaruzo yake, na yule kijana juu ya kitambaa ningeweza kumchora. Uso wa kaka yangu haukuja.

Mama alikuwa bado ananingoja.

"Ndiye, mama," nikasema.